Mbegu Iliyohifadhiwa Ugenini: Siku Saba kutoka Nanyuki hadi Korongo la Kihansi

Siku ya kwanza: Nanyuki

Nimeianza safari hii chini ya Mlima Kenya kwa sababu ya swali ambalo limenikaa moyoni kwa miaka kadhaa. Je, mnyama aliyezaliwa katika bustani ya wanyama ng'ambo, ambaye hajawahi kukanyaga ardhi ya wazazi wa wazazi wake, anaweza kuufaa msitu uliowapoteza wenzake, au kazi yake inaishia kutazamwa na wageni siku za mapumziko? Kusoma peke yake hakukunitosheleza. Katika Kenya na Tanzania zipo sehemu ambazo wanyama wa namna hiyo wamerudishwa, nami nimechagua nne na kupanga kuzifikia zote kwa barabara.

Asubuhi nilikuwa katika hifadhi ya Mount Kenya Wildlife Conservancy kumwona bongo wa milimani. Ni swala mkubwa wa msituni, mwenye rangi ya hudhurungi iliyokolea, mistari myeupe iliyoshuka mbavuni kana kwamba imechorwa kwa chokaa, na pembe zilizojipinda taratibu, ambazo dume na jike wote huwa nazo. Jamii hii haina kwao pengine duniani ila misitu ya Kenya: Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Waliobaki porini hawafiki 100, na wanaoishi katika bustani za wanyama ni wengi kuliko wao. Uwindaji wa kutumia mbwa, ukataji miti na magonjwa ya mifugo viliwamaliza kimyakimya, kwa kuwa bongo ni mnyama wa kujificha na kupungua kwake hakuonekani kwa macho ya mpita njia.

Wale wa bustani za wanyama wametokana na bongo waliokamatwa katika misitu hii hii na kusafirishwa hadi Marekani na Ulaya miongo mingi iliyopita. Kukamata wanyama porini kwa ajili ya maonyesho ni jambo ambalo leo wengi wetu tungelipinga, nami ningekuwa miongoni mwao. Hata hivyo uzao wa mateka hao ndio ulioleta matumaini. Mwaka 2004 bongo 18 walirudishwa hapa kwa ndege kutoka bustani za Marekani, na Februari 2025 wengine 17 waliwasili kutoka Florida.

Nilidhani kurudishwa maana yake ni kufungua kizimba na kumwacha mnyama aende zake, lakini mtunzaji aliyenitembeza alinirekebisha kwa upole. Bongo aliyekulia mikononi mwa watu hawaogopi watu, naye mwindaji humpenda mnyama wa namna hiyo kuliko wote. Hajui mmea upi unaliwa na upi una sumu. Damu yake haijawahi kukutana na vimelea wanaoenezwa na kupe wa huku, hivyo ugonjwa ambao mnyama wa porini huuzoea tangu utotoni unaweza kumuua yeye ndani ya majuma machache. Kwa hiyo waliowasili hawaendi msituni wenyewe. Huzaa, watoto wao hukulia kwenye eneo kubwa zaidi lenye watu wachache zaidi, na wajukuu ndio wanaoandaliwa kuishi peke yao. Mwaka 2022 bongo watano wa kwanza waliingizwa katika hifadhi ya Mawingu, msitu wa asili wenye ukubwa wa ekari 776 uliozungushiwa uzio, ambako hujitafutia chakula wenyewe. Kutoka 2004 hadi 2022 ni miaka 18. Niliirudia hesabu hiyo mara mbili kabla ya kuiandika.

Jioni tulizungumzia kitabu cha nasaba, na nikaona kwamba ndicho chombo kikuu cha kazi hii yote, kupita vizimba na ndege. Kila bongo aliye chini ya uangalizi wa binadamu ana namba, na chini ya namba hiyo huandikwa baba yake, mama yake, mahali alipozaliwa na watoto aliowazaa. Kundi likianzishwa na wanyama wachache, baada ya vizazi viwili au vitatu karibu kila dume huwa ndugu wa karibu wa kila jike, na ndugu wakizaliana, ndama hufa wachanga, uzazi hupungua na maradhi huwapata kwa urahisi. Anayekitunza kitabu hukokotoa undugu wa kila jozi kisha hupendekeza nani akutanishwe na nani, hata kama mmoja yuko bara moja na mwenzake bara lingine. Ndiyo maana bustani za wanyama hubadilishana wanyama bila kuuziana. Bustani isiyofuata kitabu hicho inaweza kujaa watoto wa kupendeza ambao hawana faida yoyote kwa pori.

Siku ya pili: Ol Pejeta

Kutoka Nanyuki hadi hifadhi ya wanyama ya Ol Pejeta ni mwendo mfupi tu, lakini nafsi yangu ilihisi kwamba nimevuka nchi nzima. Hapa wanaishi Najin na Fatu, mama na mwana, vifaru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani. Wote ni majike. Walinzi wenye silaha huwalinda usiku na mchana.

Vifaru hawa walizagaa zamani katika Uganda, Chad, Sudan, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Ujangili na vita viliwafagia, na kundi la mwisho la porini, lililokuwa katika Hifadhi ya Garamba nchini Kongo, lilitoweka katika muongo wa kwanza wa karne hii. Katika mwaka 2009 walibaki wanane tu, wote wakiwa katika bustani mbili, moja ya Dvůr Králové katika Jamhuri ya Czech na nyingine ya San Diego. Bustani ya Dvůr Králové ilikuwa imewapokea vifaru kadhaa kutoka Sudan mwaka 1975, na humo ndimo Najin alimozaliwa mwaka 1989 na Fatu mwaka 2000. Baada ya Fatu hakuzaliwa mwingine. Desemba 2009 wanne kati yao waliletwa hapa Laikipia, kwa matumaini kwamba nyasi, jua na nafasi ya Afrika vingewaamsha kuzaa. Walipandana, lakini mimba haikutunga. Dume aitwaye Suni alikufa mwaka 2014, na dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, akafa Machi 2018 akiwa na umri wa miaka 45.

Nilisimama nje ya uzio kwa muda mrefu nikimtazama Fatu akitafuna majani kwa mdomo wake mpana, bila haraka, kana kwamba ukoo wake una wakati wote duniani. Sikuweza kujizuia kulia, wala sioni haya kuliandika hilo.

Kinachotafutwa sasa ni njia ya maabara. Tangu 2019 wataalamu wa mradi wa BioRescue wamekuwa wakivuna mayai ya Fatu na kuyarutubisha kwa mbegu za madume waliokufa, ambazo zilikuwa zimegandishwa. Viinitete vinavyopatikana huhifadhiwa katika baridi kali vikisubiri kupandikizwa kwa majike wa vifaru weupe wa kusini, kwa sababu Najin na Fatu hawawezi kubeba mimba wenyewe. Mwezi Januari 2024 ilitangazwa kwamba mimba ya kwanza ya kifaru iliyotokana na upandikizaji wa namna hiyo ilipatikana, ingawa kiinitete kilichotumika katika jaribio hilo kilikuwa cha vifaru wa kusini, na jike aliyeibeba alikufa kwa maambukizi ya bakteria kabla ya kuzaa.

Bustani ya Dvůr Králové ilitimiza jambo ambalo pori halikuliweza, kwa kuwa bila hiyo Najin na Fatu wasingezaliwa. Lakini ilianza na wanyama wachache mno, wa jamii inayozaa polepole mno, huku Garamba ikiendelea kumwaga damu. Ghala lilikuwepo na mbegu ndani yake, ila chache, na shamba lilikuwa linaungua.

Siku ya tatu: njiani kwenda Arusha

Siku nzima nimekuwa kwenye gari, kutoka Nanyuki kupita Nairobi hadi mpakani Namanga, na kutoka hapo hadi Arusha. Nimeitumia kupanga mawazo.

Ni lazima niseme wazi kwamba wanyama wengi wanaozaliwa katika bustani hawatarudi porini kamwe, na wala si lazima warudi. Twiga wa bustani si wa kuletwa tena mahali ambapo twiga wapo tele. Mnyama hurudishwa pale ambapo porini wamekwisha au wako karibu kwisha, ambapo sababu iliyowamaliza imeondolewa, na ambapo watu wanaoishi jirani wanakubali arudi. Sharti la kati ndilo gumu kuliko yote. Kumzalisha kifaru ni kazi ya madaktari wa mifugo, lakini kuondoa jangili ni kazi ya serikali, mahakama, walinzi na wanakijiji, na hakuna bustani inayoweza kuifanya kwa niaba yao.

Siku ya nne: Mkomazi

Niliingia Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi kupitia lango la Zange, karibu na mji wa Same, jua likiwa bado halijawa kali. Mandhari yake ni ya mbuga kavu yenye migunga na vilima vya mawe, na upande wa kaskazini nchi hii huungana na Tsavo ya Kenya.

Vifaru weusi waliwahi kuwa wa kawaida hapa. Barani kote walikadiriwa kuwa 65,000 mwaka 1970, na ilipofika 1995 walikuwa wamebaki takriban 2,400. Mkomazi yenyewe ilikuwa imebaki tupu tangu katikati ya miaka ya 1980. Kilichofuata ni kazi ya uvumilivu: uzio wa umeme, walinzi, maji, na hatimaye vifaru wenyewe. Wanne walikuja kutoka hifadhi ya Addo, Afrika Kusini, mwaka 1997, na wanne wengine mwaka 2001. Hawa wa Addo wana historia inayonigusa, kwa sababu ukoo wao ulipelekwa huko kutoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, hivyo kuja kwao Mkomazi kulikuwa ni kurudi karibu na nyumbani baada ya zaidi ya miaka 30. Kisha mwaka 2009 walikuja watatu kutoka bustani ya Dvůr Králové, ile ile ya Najin na Fatu, na mwaka 2012 watatu wengine kutoka Port Lympne nchini Uingereza. Mwaka 2019 vifaru weusi watano kutoka bustani za Ulaya walipelekwa kwa njia hiyo hiyo hadi Akagera nchini Rwanda.

Faida ya wageni hao haipimwi kwa idadi yao tu. Kundi lenye wazazi wanane, ambao baadhi yao ni ndugu, lina damu finyu, na vifaru sita wa koo nyingine hupanua damu hiyo kuliko wanavyoweza kufanya ndama ishirini wa koo zile zile. Hapo nilikikumbuka tena kitabu cha nasaba cha Nanyuki.

Hatari waliyoikabili ilikuwa mbung'o. Kifaru wa Mkomazi hukua akiumwa na wadudu hao na mwili wake hujifunza kuvumilia vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, lakini kifaru aliyezaliwa Ulaya hajawahi kuumwa hata mara moja. Kwa hiyo mgeni huanza katika zizi dogo, akipimwa damu na kuzoeshwa taratibu, huku matawi ya miti ya huku yakichanganywa na majani makavu aliyoyazoea, na huongezewa nafasi hatua kwa hatua. Ni mafunzo ya miezi mingi. Nilipomwona kifaru mmoja kwa mbali, akivunja tawi la mgunga kwa mdomo wake uliochongoka, sikuweza kutambua kama alizaliwa hapa au ng'ambo, nami nikafurahi kwamba sikuweza.

Siku ya tano: Same hadi Morogoro

Barabara ndefu, mvua karibu na Korogwe, kisha Chalinze na Morogoro usiku. Kesho ninaelekea Korongo la Kihansi, mahali ambapo nimepawaza zaidi kuliko kwingine kote, na kabla ya kulala ninataka kuandika habari zake kwa utaratibu.

Chura wa Kihansi aligunduliwa na wanasayansi mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira uliofanywa huku ujenzi wa bwawa la umeme ukiendelea. Ni mdogo, rangi yake ni manjano ya dhahabu, na jike mkubwa hafiki sentimita 3. Hatagi mayai kama vyura wengi bali huzaa watoto walio kamili, kila mmoja akiwa mdogo kuliko punje ya mchele. Makazi yake yote yalikuwa hekta chache za majani na kuvumwani kandokando ya maporomoko ya Mto Kihansi, mahali ambapo maji yalianguka kwa nguvu na kujaza hewa manyunyu mchana na usiku, mwaka mzima. Nje ya manyunyu hayo hakuwahi kuonekana popote.

Mitambo ya umeme, yenye uwezo wa megawati 180, ilipoanza kazi kati ya 1999 na 2000, takriban asilimia 90 ya maji ya mto ilielekezwa kwenye bomba, na manyunyu yakakoma. Nchi ilihitaji umeme huo, na walioujenga hawakujua kwamba chura huyo yupo walipoanza. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walikusanywa na kusafirishwa hadi bustani ya Bronx, New York, na baadaye wakagawanywa kwa bustani kadhaa. Korongoni viliwekwa vinyunyizio vya kuiga maporomoko, na kwa muda idadi ya vyura ilipanda tena hadi karibu 20,000 mwaka 2003. Kisha katika miezi michache waliporomoka hadi kuhesabika kwa vidole. Kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi ya vyura kote duniani, ilikuwa imeingia. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa rasmi kuwa ametoweka porini.

Siku ya sita: Ifakara, Chita, Kihansi

Tulipita Mikumi na Kidatu kwenye mashamba ya miwa, tukashika njia ya Ifakara, na kutoka hapo tukaenda na Bonde la Kilombero upande wa kushoto na ukuta wa milima ya Udzungwa upande wa kulia. Baada ya Chita barabara ilikuwa na matope mazito na tulikwama mara mbili. Tulifika giza likiwa limeshaingia.

Siku ya saba: korongoni

Kabla ya kushuka korongoni tulisafisha viatu vyetu kwa brashi na kuvitumbukiza katika dawa ya kuua kuvu. Mtaalamu aliyetuongoza alikagua hata nyufa za soli zangu. Hakuna aliyeona utaratibu huo kuwa usumbufu, kwa sababu tope la kiatu kimoja linaweza kubeba kile kilichowamaliza vyura maelfu.

Njia inapita msituni, kisha unaingia mahali ambapo hewa inabadilika ghafla. Mabomba yaliyounganishwa kwenye mto juu ya maporomoko huleta maji kwa nguvu ya mteremko, bila pampu, nayo hutoka kwenye midomo midogo ya vinyunyizio kama ukungu mzito. Nilisimama kwenye daraja la mbao nikilowa, huku sauti ya maporomoko yaliyopungua ikisikika nyuma, nami nikaelewa kwa mwili kile ambacho nilikuwa nimekisoma tu: chura huyu alihitaji hewa hii yenyewe.

Kiongozi wetu alinisimulia jinsi vyura walivyokuwa wakifa huko Marekani mwanzoni. Minyoo ya mapafu iliwapata, lishe haikutosha, na mwanga wa taa haukuwa na miale ambayo miili yao ilihitaji. Kutoka 499, kundi lote lilishuka hadi chini ya 70 ifikapo 2004, na bustani mbili tu, Bronx na Toledo, ndizo zilizofanikiwa kuendelea nao. Watunzaji walijifunza kwa kukosea na kurekebisha: kipimo cha manyunyu, aina ya taa, wadudu wadogo wa kutosha midomo midogo kiasi hicho. Hatimaye vyura wakaongezeka hadi maelfu. Agosti 2010 vyura 100 walirudi Tanzania, kwenye kituo kilichoandaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wapatao 2,000 waliachiliwa hapa korongoni. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa mnyama wa jamii ya vyura aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa katika makazi yake ya asili.

Nilimwuliza kama kazi imekwisha. Alitikisa kichwa. Kuvu bado ipo duniani na haiwezi kufutwa msituni kwa dawa, hivyo vyura lazima waendelee kuzalishwa na kuachiliwa kwa mafungu, wakifuatiliwa, mpaka watakapopatikana wanaoweza kuishi nayo. Vinyunyizio navyo havimpi mtu likizo, kwa kuwa mto ukileta mchanga, midomo yake huziba, na sehemu iliyoziba hukauka. Akiwa anasema hayo alikuwa amekwisha kupiga goti, akifungua mdomo mmoja uliotoa maji kwa kupinda, akiupuliza na kuurudisha.

Tulitafuta kwa zaidi ya saa moja, tukiinua majani kwa ncha ya kijiti bila kukanyaga nje ya njia. Nilikuwa nimeshakata tamaa aliponishika mkono na kunionyesha jani pana, mkono mmoja tu kutoka usoni pangu. Chura alikuwa juu yake, wa manjano, na tone la maji mgongoni lililokuwa karibu na ukubwa wa kichwa chake. Tulimtazama hadi aliporuka chini ya kuvumwani. Kiongozi alitoa daftari lililofunikwa kwa nailoni, akaandika saa, sehemu na idadi: mmoja.

Tulipotoka tulisafisha viatu tena. Usiku huu ninaandika chini ya taa ya umeme, katika chumba kilicho chini ya mlima uleule, na kila inapopepesa ninafikiria maji yanayoshuka kwenye bomba kuja kuiwasha, na yale machache yaliyoachwa yapite juu, kwenye mabomba membamba, kuelekea kwenye jani lile.